Nani Analipia Freni? Gari Bovu na Mwenye Gari katika Barabara ya Uvira

Usiku wa Ijumaa, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka Sange, nchini Kongo, katika bonde la Ruzizi, kaskazini mwa mji wa Uvira. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba dereva alikuwa akijaribu kulipita basi. Mafuta yakamwagika, watu wakatoka na madumu na mabeseni, kisha moto ukalipuka. Walikufa watu zaidi ya 230, wakiwamo waliokuwa wamekaa vibandani wakitazama Kombe la Dunia, ambao hawakugusa hata tone la mafuta hayo. Wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja.

Tangu hapo Sange imesimuliwa kama kisa cha tamaa. Ndivyo ilivyosimuliwa pia ajali ya Sachangwan, Kenya, ya tarehe 31 Januari 2009, na ile ya Msamvu, Morogoro, ya tarehe 10 Agosti 2019, ambazo kila moja iliua watu zaidi ya 100: maskini wameonywa wasikimbilie mafuta. Onyo hilo ni la kweli na lirudiwe mashuleni na makanisani. Lakini linaanza kuhesabu muda baada ya lori kulala ubavu. Sidai kwamba lori la Sange lilikuwa na freni mbovu. Ninachochukua kwake ni kwamba waliolipa gharama ya safari ile hawakuwa na faida yoyote ndani yake, na kwamba hali hiyohiyo, kwa kipimo kidogo, hujirudia kila siku kwenye barabara ya taifa namba 5, kutoka Kamanyola hadi Uvira, na kusini zaidi kupitia Makobola hadi Baraka. Gari la kazi lisilotunzwa ni njia ya kuhamisha gharama: fedha ambayo mwenye gari hakuitoa gereji hulipwa na mtu mwingine kando ya barabara, kwa mwili wake.

Ukitaka kuona gharama inavyohama, inama chini ya lori aina ya Fuso. Nimewahi kukaa asubuhi nzima Uvira nikimtazama fundi akishughulika na gurudumu la mbele kushoto. Raba za silinda ya gurudumu zilikuwa zimelika, na mafuta ya freni yalikuwa yakichuruzika hadi kwenye tairi. Raba mpya hazikuwapo, na gari lilikuwa limeshapakiwa magunia. Fundi akafungua mrija unaopeleka mafuta kwenye gurudumu lile, akatia kipande cha msumari alichokikata kwa msumeno, akakaza nati. Dereva akakanyaga pedeli mara tatu. Ilikuwa ngumu, kama ya gari zima. Akaondoka na freni za magurudumu matatu.

Gari la namna hiyo likikanyagwa freni kwa ghafla huvutwa upande wenye freni nzima. Ikizibwa freni ya mbele kushoto, linavutwa kulia. Nasi Kongo tunaendesha kulia. Kulia, basi, ndiko waliko wanawake wenye mabeseni ya ndagala, wanafunzi, waendesha baiskeli na vijana wa pikipiki wanaosubiri abiria. Msumari ule ulikuwa umekwisha kuamua nani ataumia, saa kadhaa kabla mtoto yeyote hajavuka barabara.

Mlima nao una lake. Bukavu iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi; Ziwa Tanganyika, lililo kando ya Uvira, liko kwenye mita 770 hivi. Gari linaloshuka mlima wa Ngomo kuja Kamanyola hupoteza sehemu kubwa ya tofauti hiyo katika mteremko mmoja mrefu. Mafuta ya freni hunyonya unyevu wa hewa, na yakikaa miaka bila kubadilishwa huchemka mapema. Mvuke hukandamizika ambapo mafuta ya freni hayakandamiziki, kwa hiyo pedeli inazama hadi sakafuni. Madereva wanasema freni zimekataa. Hapo dereva hana la kufanya isipokuwa kutafuta ukingo wa kuligongesha gari, na ubaya hauko tena katika ustadi wake.

Kwa nini basi anaondoka na gari la namna hii? Kwa kawaida gari si lake. Kila jioni hupeleka kwa mwenye gari kiasi walichopatana, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani kwake. Siku ya gereji ni siku ya njaa kwake, na mwenye gari bado anadai. Akikataa, kuna mwingine anayesubiri ufunguo. Anayechagua msumari si yule anayenufaika nao zaidi.

Sheria haina pengo kubwa kama watu wanavyodhani. Mbali na kanuni za barabara za tarehe 30 Agosti 1978, bima ya gari ni ya lazima tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, na amri ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado ndiyo msingi wa madai ya fidia nchini, inasema katika kifungu cha 260 kwamba mtu huwajibika pia kwa madhara ya vitu vilivyo chini ya uangalizi wake na ya watu anaopaswa kuwajibikia. Mwenye gari anafikika. Lakini barabarani anayesimamishwa ni dereva, kinachotazamwa ni karatasi, na hakuna anayeinama.

Nitaambiwa kwamba barabara yenyewe inakula magari. Ni kweli, na serikali ina sehemu yake katika deni hili: tangu mwaka 2008 kuna mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara unaokusanya tozo kwenye mafuta tunayonunua. Nitaambiwa pia kwamba freni nzima zitapandisha bei ya unga na maharage. Huenda zikaipandisha kidogo. Lakini bei hiyo inalipwa tayari, bila kuandikwa popote, na familia chache zilizobeba maiti. Heri igawanywe kwa wanunuzi wote.

Ukaguzi uhamie mahali gari linapopakiwa: bandari ya Kalundu, mpaka wa Kavimvira, vituo vya magari ya Baraka. Cheti kiandikwe jina la mwenye gari, na yeye ndiye aitwe kwanza mahakamani. Kazi hii haihitaji mashine. Jeki moja na watu wawili wanatosha: mmoja anakanyaga pedeli, mwingine anajaribu kuzungusha kila gurudumu kwa mkono. Gurudumu likizunguka wakati pedeli imekanyagwa, gari halipakii.