Mpagazi Naye Alikuwa Vitani

Ukishuka matatu pale Kariokor, Nairobi, ama ukienda Kariakoo kule Dar es Salaam, unataja jina la jeshi bila kujua. Yote mawili yametoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia.

Wasee, wengi wao hawakuenda kwa kupenda. Mwaka wa 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwachukua kwa lazima, na mshahara ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi, kisha 6 baada ya miezi 3. Askari wa KAR alilipwa zaidi. Si yeye ndiye alishika bunduki?

Hiyo hoja iko mpaka leo: pesa ya vita ni ya anayepigana. Sawa, kukabiliana na risasi si mchezo. Lakini angalia nani alikufa. Mbung'o waliua farasi na punda, kwa hivyo chakula na risasi vilibebwa kichwani hadi ndani kabisa ya Tanzania ya leo. Hesabu rasmi ilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wanaamini walikuwa wengi zaidi. Wengi waliuawa na kuhara damu, nimonia, malaria na njaa, si risasi.

Marekani nayo ilihangaika na swali hili. Mwaka wa 1952, wakati wa vita vya Korea, walitoa dola 45 kwa mwezi kwa aliyekaa angalau siku 6 kwenye kikosi kinachopambana na adui. Kufika Vietnam, kuwa tu ndani ya eneo lililotangazwa la hatari kulitosha, hata kama wewe ni mpishi.

Mimi naona hivi: mpiganaji alipwe zaidi kwa ujuzi wake, lakini malipo ya hatari yafuate mahali ulipopelekwa, si kile ulichobeba. Na ukifa, familia ipate.

Wapagazi hata hilo walinyimwa. Majina mengi hayakuandikwa vizuri, mishahara ya marehemu wengi haikufika nyumbani, na London ikakataa kuiachilia itumike kwa faida ya Waafrika.

Kenyatta Avenue kuna sanamu ya mpagazi, amesimama na askari. Ukipita hapo, jiulize: wewe ungemlipa ngapi?