Bunduki ya Mjerumani? Tusome mtutu kwanza

Wadau, ukikaa Tabora na kuulizia kitu chochote cha zamani, jibu ni moja tu: cha Mjerumani. Boma la Mjerumani, reli ya Mjerumani, hata miembe iliyokuja na misafara ya Waarabu na Wanyamwezi kabla yake nayo hupewa Mjerumani. Na hapo ndipo dalali anapopata riziki. Anakuja na bunduki ndogo ya kuwindia, kitako cha mbao, maandishi ya Kijerumani juu ya mtutu, anakwambia "hii ilipigana vita ya kwanza" na anataja bei ya kiwanja.

Boma ni kweli la Mjerumani. Reli pia, ilifika Tabora 1912. Lakini bunduki hiyo? Hebu tuiangalie.

Bunduki zilijaa kwenye njia ya misafara zamani sana. Mirambo, aliyefariki 1884, alijenga dola lake kwa pembe za ndovu na magobore. Isike wa Unyanyembe alizingirwa na Tom von Prince Januari 1893, na alipoona mambo yameisha akalipua ghala lake la baruti akiwa ndani. Lakini Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umeshawabana Waafrika: bunduki za kisasa zenye mifereji ya kujipinda ndani ya mtutu zilipigwa marufuku kuuzwa huku, yakaachwa magobore. Kwa hiyo mtu wa kawaida wa Unyamwezi enzi ya Mjerumani, akiwa na silaha, alikuwa na gobore.

Askari wa Mjerumani je? Wengi walibeba Mauser ya mwaka 1871, risasi ya milimita 11, baruti nyeusi yenye moshi mzito unaomwonyesha adui ulipo. Kwenye vita vya Tanga, Novemba 1914, ambako von Prince naye aliuawa, makampuni mengi bado yalikuwa na hiyo. Sasa bunduki ya dalali wetu ina tundu la milimita 5.6, ile ambayo Waingereza huiandika .22. Hiyo ni nusu ya ile ya askari. Ni ya kupigia kanga, kwale na sungura, au shabaha ya karatasi. Hakuna jeshi lililokwenda nayo vitani, jamani.

Tuendelee. Soma jina la mji. Bunduki ndogo nyingi za Kijerumani zimetoka Suhl na majirani zake katika milima ya Thuringia. Ukikuta limeandikwa Zella-Mehlis, umepata jibu papo hapo, kwa sababu mji wenye jina hilo haukuwapo kabla ya 1919. Kabla ya hapo ilikuwa miji miwili, Zella St. Blasii na Mehlis. Na Wabelgiji walikuwa wameshaichukua Tabora tangu Septemba 1916! Ukikuta Ulm pamoja na jina la Anschütz au Walther, hiyo ni baada ya vita ya pili, maana ndipo viwanda hivyo vilipohamia vikiwakimbia Warusi.

Halafu geuza utafute mihuri midogo ya ukaguzi wa serikali, mara nyingi iko chini ya mtutu, imefichwa na mbao. Taji juu ya herufi N maana yake mtutu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, chini ya sheria ya zamani. Ukikuta tai badala ya taji, hiyo ni sheria ya 1939. Pembeni mara nyingi kuna tarakimu za mwezi na mwaka: 327 ni Machi 1927. Ndiyo maana nasema usiruhusu fundi aikwangue kwa msasa ili "ing'ae". Akiondoa kutu hiyo kwa msasa ameondoa na cheti cha kuzaliwa.

Sasa ilifikaje? Mjerumani alirudi, na sehemu hii ya historia shuleni tuliipita mbio. Kuanzia 1925 Waingereza waliwaruhusu Wajerumani kurejea Tanganyika, wakaja na kufungua mashamba, hasa Iringa, Usambara na Kaskazini. Kipindi hicho hicho viwanda vya kwao, vikiwa vimebanwa na Mkataba wa Versailles visiunde silaha za vita kama zamani, vilimwaga sokoni bunduki za .22. Septemba 1939 Wajerumani hao wakakamatwa na kuwekwa kizuizini, mali zao zikashikiliwa kama mali ya adui. Waingereza nao walikuwa wateja. Ukiona mtutu una maneno ya Kiingereza yanayosema umetengenezwa Ujerumani, ulilengwa kuuzwa nje.

Na bei? Tabora ina kitu kimoja cha Mjerumani chenye thamani kubwa kweli: sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, iliyogongwa kwenye karakana ya reli 1916, takriban vipande 16,000 tu. Hiyo watoza wanaigombania kwa maelfu ya dola. Bunduki ya .22 ya kiwandani haina uhaba huo. Ulaya, ya kawaida huuzwa kwa dola mia kadhaa, pungufu kama namba za bolti na mtutu hazilingani au ndani kumeliwa na kutu. Hapa kwetu haina hata soko la wazi: bila kibali chini ya sheria ya silaha ya 2015 unanunua kesi.

Kinachoweza kuipandisha ni karatasi. Kibali cha zamani cha mkoloni chenye namba ya bunduki na jina la mwenyewe, risiti, picha ya mtu ameishika. Marehemu akizikwa, bunduki hupelekwa polisi kama inavyotakiwa, na zile karatasi zilizokuwa kwenye sanduku pamoja nayo huwashiwa moto wa mkaa.