Kumaliza kwa Vichache: Kutoka Ubao wa Kete hadi Michezo ya Video

Iko namna moja ya kucheza michezo ya video ambayo mtu mzima akielezwa kwa mara ya kwanza huishangaa. Mchezo umejaa silaha, ngao, dawa na funguo zilizotawanywa njiani ili mchezaji aziokote na kujiongezea nguvu. Yeye lakini anaazimia kuzipita. Anachukua zile tu ambazo bila hizo mlango haufunguki au adui hafi, kisha anajisifu kuwa amefika mwisho akiwa na vitu vichache kuliko mwenzake. Wazee huuliza: huu ni ujinga gani wa kuacha mali iliyo bure? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba azma hiyo haikuzaliwa na mashine. Ina ndugu zake wa zamani katika mbao za kete za Afrika ya Mashariki, nayo ina fundisho linalotuhusu sisi walimu.

Tuanze na mbao zenyewe. Michezo ya kete barani Afrika yaweza kugawanywa, kwa kadiri ya shabaha yake, katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wavunaji. Mfano wake ni oware ya Afrika ya Magharibi, inayochezwa kwa safu mbili na kete 48. Kete iliyotekwa huondolewa ubaoni ikawekwa ghalani, na aliyejipatia 25 ameshinda, kwa kuwa amepita nusu. Hapo mali ndiyo ushindi wenyewe.

Kundi la pili ni letu. Bao la Kiswahili, linalochezwa Zanzibar, Lamu na kwingineko katika pwani, lina safu nne za mashimo manane na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa katika nyumba, na nyingine 22 mkononi, ambazo huzinamua moja moja. Zikisha za mkononi huingia hatua ya mtaji. Nalo ni neno lilelile la mfanyabiashara. Kete zilizotekwa haziendi ghalani. Hurudi ubaoni na kusambazwa upande wa aliyeziteka, zikiwa hatarini kutekwa tena. Na tazama sheria ya mwisho: anayeishiwa kete katika safu yake ya mbele ameshindwa, hata kama safu ya nyuma imejaa pomoni. Vilevile ashindwaye kusogea amekwisha. Mtu aweza basi kuwa tajiri wa kete akashindwa na fukara aliyezipanga vizuri. Bao halihesabu mali, bali huuliza iko wapi na inafanya kazi gani.

Ukitoka pwani ukaja Uganda, utakuta mweso wa Waganda, nao una safu nne na kete 64, kila mtu akianza na 32. Hapa pia lengo ni kumfunga mpinzani asiweze kucheza, kwa maana shimo lenye kete moja pekee halichezeki. Lakini mweso umeongeza jambo. Zipo njia za kushinda upesi kabla mali haijakusanywa. Anayeteka mara mbili, katika zamu mbili mbalimbali, kabla mwenziwe hajateka hata mara moja, amejipatia ushindi uitwao akakyala. Anayeteka ncha zote mbili za mpinzani katika zamu moja hupata ushindi wa emitwe ebiri, yaani vichwa viwili. Kadhalika Walango wa kaskazini wana coro yao, ya safu nne. Ni dhahiri kwamba wazee waliotunga sheria hizi waliona ubora wa mchezaji katika uchache wa hatua zake na mahali alipozielekeza, wala si katika wingi wa alivyorundika.

Sasa tugeukie mashine. Mwaka 1986 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa michezo miwili iliyoacha athari kubwa, The Legend of Zelda na Metroid. Katika Zelda, mwanzoni kabisa, mzee aliye pangoni humpa mchezaji upanga. Wakatokea wachezaji waliouacha. Walipigana kwa mabomu, mishale na moto wa mishumaa, wakavuka karibu mchezo mzima, hadi walipomfikia adui mkuu, Ganon, ambaye hafi pasipo upanga. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba upanga ni wa lazima mara moja tu, na pengine pote ulikuwa mazoea.

Mwaka 1994 ukatoka Super Metroid, wenye vitu 100 vya kuokota, na mwishoni mchezo humtangazia mchezaji amekusanya asilimia ngapi. Watungaji walidhani kila mtu ataitafuta mia. Wako waliokigeuza kipimo hicho juu chini wakaitafuta asilimia ya chini kabisa, na kwa kubadilishana maarifa wakateremka hadi vitu 14. Watungaji nao wakasikia. Katika Metroid: Zero Mission ya mwaka 2004 waliweka picha maalumu ya tuzo kwa anayemaliza na asilimia 15 au pungufu. Ikawa sasa uchache umepata heshima yake rasmi.

Ndugu msomaji atauliza faida yake ni nini. Faida, kwa maoni yetu, ni elimu. Mtu anayeokota kila kitu hatajua kamwe kipi kilimvusha. Anayeacha kimoja akajaribu, akaacha cha pili akajaribu tena, huishia kuujua mchezo mpaka mifupa yake, na kujua kipi ni nguzo na kipi ni pambo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na ni kweli. Lakini walisema pia mtaka yote hukosa yote. Semi hizi mbili hazipingani, bali kila moja ina mahali pake.

Hata hivyo hapana budi tuweke mpaka, na mpaka huo watu wa Awindiri, katika jiji la Arua, na wa Koboko wanaufahamu kuliko wengi. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, na hasa baada ya mapigano ya Oktoba 1980, umati wa watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, kila mmoja na kile alichoweza kubeba. Wengi hawakurejea hadi miaka ya themanini ilipofika katikati au kupita. Leo eneo hilohilo limewapokea wakimbizi wa Sudan Kusini, katika makazi ya Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi. Nao walijua kipi ni cha lazima: mtoto, sufuria, mbegu, jina la kijiji. Walijifunza hayo bila kuombwa ridhaa. Mchezaji aliyeacha upanga anajua uliko, na akitaka hurudi akauchukua. Mkimbizi hana pango la kurudia. Kwa hiyo tusiwasifie maskini umaskini wao kwa kisingizio cha mchezo. Uchache ni hekima pale tu mtu alipouchagua.

Hili linatuhusu moja kwa moja darasani. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa ya Uganda, na marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yakakipa nafasi ya lugha rasmi ya pili. Mwanafunzi wa Arua anayetumia Kilugbara nyumbani na Kiingereza shuleni anatujia na Kiswahili cha maneno machache, na mara nyingi hucheka mwenyewe kabla hajachekwa. Tusimrundikie msamiati kama mtu anayejaza safu ya nyuma ya bao. Tumwonyeshe kwanza safu ya mbele: ngeli zitumikazo kila siku, upatanisho wa kitenzi, nyakati za msingi. Kwa hizo ataweza kununua, kuuliza njia, kushitaki na kujitetea. Lakini tusimwache hapo milele, tukidai kwamba kidogo kinamtosha. Anayestahili kuchagua uchache ni yule aliyekwisha kufunguliwa ghala lote.

Basi tunashauri kwamba ubao wa kete uingie katika vipindi vyetu, pamoja na istilahi zake: kunamua, mtaji, nyumba, kuteka. Kijana anayeijua michezo ya video hatauona mgeni. Atamkuta humo babu yake, aliyekuwa akiucheza mchezo uleule kwa mbegu.