Kuipima Nyumba Pamoja na Mtoto: Ukungu na Magonjwa ya Kifua katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Mtoto wa miaka mitatu anayekohoa usiku kwa mwezi wa pili mfululizo hupitishwa njia ambayo wazazi wa Ujiji, Gungu na Kibirizi, mjini Kigoma, wanaijua vizuri. Huanzia duka la dawa muhimu, ambako hupewa dawa ya maji ya kikohozi. Homa ikipanda hupelekwa zahanati, akatobolewa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, akahesabiwa pumzi, akarudi nyumbani na amoksilini. Kikohozi kikirejea, hupewa dawa ileile tena, na hapo ndipo mtu mzima mmoja katika ukoo husema mtoto ana kimeo, apelekwe kwa mkataji. Ushauri huo umewaletea watoto wengi damu isiyokatika, maambukizi na pepopunda. Katika vituo vyote hivyo mtoto anatazamwa, lakini hakuna anayeuliza analala wapi. Hoja yangu ni kwamba ugonjwa unaotokana na ukungu hauwezi kutambuliwa kwa kumpima mtoto peke yake. Chumba anacholala na ghala linalomlisha vinapaswa kuingia katika historia ya mgonjwa kama inavyoingia homa, na tiba isiyogusa vitu hivyo itabaki kuwa nusu tiba.

Swali hili lina uzito wa pekee Kigoma. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo mvua zikizidi kwa misimu kadhaa maji hupanda na kukawia kushuka. Ndivyo ilivyokuwa kuanzia 2020, na tena 2024, pale maji yalipoingia katika makazi na masoko ya mwambaoni, Kibirizi na Katonga upande wetu, Uvira na Gatumba upande wa majirani. Magazeti yaliandika juu ya waliohama. Waliorudi katika nyumba zilizokwisha kulowa hawakuandikwa sana. Tofali la udongo hunyonya maji kutoka chini, na likipigwa plasta ya saruji ili lipendeze, unyevu hukosa pa kutokea. Ukiingia katika chumba cha namna hiyo katikati ya masika unaona mstari wa unyevu juu kidogo ya sakafu, rangi imevimba na kubanduka, na nyuma ya godoro lililoegemea ukuta kuna madoa meusi yaliyosambaa kama unga wa mkaa. Dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu na wezi, nguo zimeanikwa ndani kwa sababu mvua haikatiki, na mtoto, ambaye ndiye analala karibu zaidi na sakafu, anavuta hewa hiyo usiku kucha.

Je, kuna ushahidi kwamba hewa hiyo inadhuru? Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo juu ya unyevu na ukungu majumbani. Baada ya kupitia tafiti za nchi nyingi, liliona uhusiano wa kutosha kati ya nyumba zenye unyevu na kikohozi, kukoroma kwa kifua, maambukizi ya njia ya hewa na pumu, ikiwa ni pamoja na pumu kuanza au kuzidi. Mwongozo huohuo ulisema jambo ambalo mara nyingi linasahauliwa: haiwezekani kuweka kiwango cha ukungu ambacho chini yake mtu yuko salama, kwa hiyo dawa ni kuzuia unyevu wenyewe. Kwangu hili ni jambo la faraja kwa tabibu wa zahanati. Halihitaji maabara. Doa linaloonekana na harufu ya uvundo vinatosha kuhalalisha hatua. Marekani, ambako wazazi wenye hofu huuziwa vipimo vya mkojo vya kutafuta sumu za kuvu, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilionya mwaka 2015 kwamba vipimo hivyo havijathibitishwa kwa kutambua ugonjwa. Kigoma haijakosa kitu kwa kutokuwa navyo.

Afrika Mashariki yenyewe inatufundisha kwamba ugonjwa wa kuvu hutambuliwa nyumbani. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua ini na 125 wakafa. Mwaka 2016 ugonjwa wa namna hiyo ulizuka Dodoma na Manyara, na watoto walikuwa miongoni mwa waliougua. Macho ya manjano, tumbo kujaa na kutapika vingeweza kusomwa kwa namna nyingi. Jibu lilipatikana wachunguzi walipokwenda kuchukua mahindi katika maghala ya wagonjwa na kukuta sumukuvu. Sichanganyi mambo mawili: sumu inayoliwa na kuharibu ini si sawa na vumbi la kuvu linalovutwa na kubana kifua, na mtoto mmoja anaweza kupatwa na yote mawili au asipatwe na lolote. Ninachochukua ni utaratibu, yaani kutoka kitandani pa mgonjwa hadi mahali anapoishi. Wala watu wa kanda hii si wageni wa jambo hili. Mama anayevundika muhogo kwa ajili ya udaga anajua ukungu upi ni wa kazi na upi umeharibu chakula. Akiulizwa vizuri kuhusu ukuta wake, atajibu vizuri.

Pingamizi la kwanza ni zito. Watasema moshi wa kuni na mkaa huumiza vifua zaidi kuliko ukungu, na kwamba malaria na nimonia huua haraka, kwa hiyo mhudumu asipotoshwe. Nakubali sehemu zote mbili. Mtoto apimwe malaria, na mwenye dalili za nimonia asicheleweshewe dawa. Lakini swali la chumba linauliza pia juu ya moshi, halishindani nalo. Isitoshe, mwongozo wa kutibu watoto unaotumika katika zahanati nyingi tayari unaelekeza kwamba mtoto anayekoroma kifua na kupumua haraka apewe kwanza dawa ya kutanua njia ya hewa ya kuvuta, kisha ahesabiwe pumzi upya. Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako na kuingizwa mdomo wa kifaa cha salbutamoli, yaani dawa hiyo ya kutanua njia ya hewa, huyafikishia mapafu ya mtoto dawa sawa na chombo cha kuvutia dawa cha dukani. Mtoto akitulia kwa dawa hiyo, na hali hiyo ikajirudia kila masika, tabibu ana sababu ya kufikiria pumu na kuuliza kinachoichochea.

Pingamizi la pili ni hofu ya kuona ukungu kila mahali, na hofu hiyo ina msingi. Mjini Cleveland, Marekani, watoto wachanga walitokwa na damu mapafuni miaka ya 1990, lawama zikaelekezwa kwa kuvu nyeusi. Mwaka 2000 CDC ilitangaza kwamba ushahidi haukutosha. Lakini katika mji huohuo, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulifuata watoto 62 wenye pumu walioishi katika nyumba zenye ukungu. Baada ya nusu ya nyumba kukarabatiwa ili kuondoa chanzo cha unyevu, mtoto 1 kati ya 29 wa kundi hilo alizidiwa hadi kuhitaji huduma ya dharura au kulazwa, wakati katika kundi lisilokarabatiwa walikuwa 11 kati ya 33. Tahadhari ya habari ya kwanza haifuti ushahidi wa habari ya pili.

Wengine watasema maskini hana uwezo wa kujenga upya. Hilo ni kweli kwa nyumba nzima, si kweli kwa kitanda. Godoro linaweza kuinuliwa na kusogezwa mbali na ukuta, dirisha likawekewa wavu na kufunguliwa mchana, mtaro ukachimbwa kupisha maji ya paa, ukuta ukasuguliwa kwa sabuni na kukaushwa kabla ya kupakwa chokaa. Kupaka rangi juu ya ukungu hakutibu kitu. Huko Rochdale, Uingereza, familia yenye asili ya Sudan iliambiwa ipake rangi. Mtoto wao Awaab Ishak akafa Desemba 2020 akiwa na miaka miwili, na uchunguzi wa kifo mwaka 2022 ukathibitisha kwamba ukungu wa nyumba ndio uliosababisha. Leo sheria yenye jina lake inawabana wenye nyumba za kupangisha za umma. Sisi tunayo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na maafisa afya wa kata wenye mamlaka ya kukagua makazi. Wanakagua vyoo, na wakague pia vyumba vya kupanga.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya, na kabla yake wasimamizi wa afya wa Mkoa wa Kigoma, waongeze maswali matatu kwa kila mtoto mwenye kikohozi kinachorudi: analala wapi, ukuta una unyevu au madoa, na unga wa nyumbani unahifadhiwaje. Jibu likiwa baya, mhudumu wa afya ngazi ya jamii atumwe nyumbani wiki hiyohiyo, na mtoto asiyepona apewe rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Maweni akiwa na majibu hayo yameandikwa kwenye kadi yake.