Filta, sumaku na vita vya Kolwezi

Isogeze filta ya sumaku mbele ya lenzi, na kabla hujaifikisha itakuponyoka mkononi: tak! Imeshakaa. Kuitoa ni kuibandua kwa ukucha, kama mfuniko wa kopo. Mpiga picha aliyezoea filta za hesi, zile za kuzungusha, atasimama hapo akiivua na kuivisha bila sababu, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Mimi niliivua na kuivisha muda mrefu, maana nina donda. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa narekodi harusi ufukweni Bagamoyo, jua la saa nane mchana. Mchanga ukaingia kwenye hesi, filta nyeusi ya kupunguza mwanga ikang'ang'ania lenzi. Mama mmoja akaniazima kanga niishikie, nikazungusha mpaka viganja vikawaka. Wapi! Usiku ukumbini nilirekodi kupitia kioo hichohicho cheusi, na mkanda ukatoka umejaa chenga. Bwana harusi alilipa nusu, na sikuwa na uso wa kumdai iliyobaki.

Tangu hapo historia ya filta naisoma kama mtu aliyekwama. Ninavyoiona, suala la kioo lilimalizwa zamani. Lililosumbua miaka yote iliyofuata ni suala la mkono: utakivalisha vipi na kukivua vipi, upesi, bila kukiangusha.

Filta za mwanzo hazikuwa hata vioo vya rangi. Mwaka 1861, pale Royal Institution ya London, James Clerk Maxwell alionyesha picha ya rangi ya utepe wa kitambaa cha Kiskoti. Thomas Sutton alikuwa ameupiga utepe huo kupitia vyombo vya kioo vilivyojaa maji ya dawa, ya rangi nyekundu, kijani na bluu. Tatizo ni kwamba dawa za picha za enzi hizo ziliona bluu vizuri na nyekundu karibu haziioni kabisa. Ndiyo sababu katika picha nyingi za karne ya 19 anga ni jeupe kama shuka, halina hata wingu la kusingizia. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel wa Berlin aligundua kwamba ukichanganya rangi fulani kwenye dawa, bamba la picha hufumbuka macho na kuona rangi nyingine. Hapo filta ikapata kazi ya kweli, kwa sababu huwezi kumchagulia kipofu cha kutazama.

Kazi hiyo ilipangwa vizuri na kampuni ndogo ya Croydon, kusini mwa London: Wratten & Wainwright. Mwanasayansi kijana, Kenneth Mees, alijiunga nayo mwaka 1906. Mwaka 1912 Kodak ya Marekani ilimtaka Mees kiasi cha kuinunua kampuni nzima. Nambari za Wratten tunazitumia mpaka leo: 8 ni manjano, 25 ni nyekundu.

Aprili 1927, Ansel Adams alipanda na kamera yake hadi mkabala na mwamba wa Half Dome, Yosemite. Alibakiwa na mabamba mawili tu. La kwanza akalipiga na filta ya manjano, kisha akatambua kwamba anga litatoka la kijivu cha kawaida, wakati yeye ndani ya kichwa chake alikuwa akiliona jeusi. Akavua ya manjano, akavisha nyekundu iliyokolea, akahesabu sekunde tano. Bamba hilo la mwisho ndilo lililompa jina. Wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya lile anga. Mimi huwaza ule mkono uliobadilisha filta ukingoni mwa jabali, bamba likiwa moja. Hesi ingegoma pale?

Katika miaka ya 1930 Edwin Land akaleta karatasi ya Polaroid, inayokata mng'ao wa maji na vioo, na nadhani hapo mambo makubwa ya kioo yalikuwa yameshasemwa. Pete za hesi zikaenea, na kila lenzi na kipimo chake: 52, 67, 77. Ukiwa na lenzi tatu, ununue filta mara tatu au utembee na mfuko wa pete za kuunganishia. Mfaransa Jean Coquin alijaribu kututoa huko mwaka 1978 kwa filta za mraba za Cokin, zinazochomekwa kwenye kishikio.

Mwaka huohuo wa 1978, mbali na maduka ya kamera, waasi waliotoka Angola waliiteka Kolwezi, mji wa migodi katika jimbo lililoitwa Shaba, Zaire. Jina la jimbo ni la Kiswahili, lugha ya wenyeji wengi wa huko, na linataja madini yaliyolipa umaarufu. Lakini pamoja na shaba hutoka kobalti, na Zaire ndiyo iliyoongoza duniani kwa kuitoa. Migodi ikasimama, bei ikapaa. Sumaku zenye nguvu kuliko zote wakati huo zilitengenezwa kwa samari na kobalti, hivyo viwanda vya Japani na Marekani vikashikwa na hofu. Watafiti wakaanza kutafuta sumaku isiyoitegemea Zaire, itakayoundwa kwa chuma, ambacho kila nchi inacho.

Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa General Motors, kila mmoja kivyake, wakafika mahali pamoja. Mwaka 1983 ulimwengu ukasikia habari za sumaku ya neodimi, chuma na boroni. Kipande chembamba kuliko ukucha kinaweza kushikilia kioo kizito. Bila sumaku hiyo, filta ya kubandika ingekuwa na pete nene kama sahani.

Neodimi yenyewe haikuwa ngeni kwa filta. Carl Auer von Welsbach aliitenga mwaka 1885, na kioo kilichochanganywa nayo hukata mwanga wa manjano wa sodiamu. Wapuliza vioo walikivaa kama miwani mbele ya tanuri, na wapiga picha hukitumia kukoleza wekundu wa majani au kupunguza umanjano wa taa za mjini. Madini yaliyokuwa ndani ya kioo sasa yako kwenye pete inayokishika.

Iliyobaki ilikuwa haja, nayo ililetwa na video. Mwaka 2008 Nikon D90 na Canon 5D Mark II zilimpa mpiga picha wa kawaida uwezo wa kurekodi, bila ile filta nyeusi iliyojengwa ndani ya kamera kubwa za video. Piga hesabu. Jua kali, ISO 100, shata 1/50 ili mwendo uonekane laini: tundu la lenzi litakwenda f/22. Ukitaka f/2.8, ili nyuma ya bibi harusi kufifie, una stopu sita za mwanga wa kuzuia, yaani filta nyeusi ya ND64. Akiingia ndani, uivue papo hapo. Kwanza zikaja pete za Xume za kugeuza filta ya hesi kuwa ya sumaku, kisha kampuni kama Kase na Freewell zikauza filta zenye sumaku tangu kiwandani.

Haina maana kwamba tumefika peponi. Pete ya kampuni moja mara nyingi haikubaliani na ya nyingine, kwa hiyo ule ugomvi wa vipimo umerudi kwa mlango wa nyuma. Filta ikigongwa na kiwiko cha mcheza ngoma, inaruka. Na fukwe zetu zina michirizi ya mchanga mweusi mzito, wenye chembe za chuma. Juzi Kigamboni niliiweka filta juu ya mkoba kwa dakika moja tu. Nilipoiokota, pete ilikuwa imeota ndevu. Kupuliza hakukusaidia, wala brashi. Nilikaa chini ya mkungu na selotepu, nikizing'oa chembe moja moja, huku bibi harusi wa siku hiyo akiuliza kama tunaanza.