Kitabu Kisemacho na Mtoto Asiyeona

Mzazi mmoja wa hapa Uganda alitujia shuleni na mwanawe wa darasa la tano, mtoto asiyeona, akatuuliza: "Mwalimu, vitabu vya Kiswahili vya kusikiliza vinapatikana wapi?" Mtoto huyo amekwisha kujifunza kusoma nukta nundu, lakini vitabu vyake ni vinene, vizito na vichache mno. Tulitafuta. Vya Kiingereza tulivikuta tele. Vya Kiswahili vinavyomfaa mtoto wa umri wake vilihesabika kwa vidole. Hapo tukaona hapana budi tuitazame historia ya vitabu hivi, tujue mtoto wetu alisahauliwa wapi njiani.

Wazo lenyewe si geni. Thomas Edison wa Marekani alipobuni mashine ya kunasa sauti mwaka 1877, hakuifikiria kuwa chombo cha muziki peke yake. Mwaka uliofuata aliandika orodha ya kazi ambazo mashine hiyo ingeweza kufanya, na miongoni mwake akataja vitabu vya kuwasomea wasioona. Lakini mashine za siku zile zilinasa dakika chache tu. Hata santuri zilizofuata, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilikwisha upande mmoja kabla msomaji hajamaliza kurasa chache. Ilibidi wazo lisubiri zaidi ya miaka hamsini.

Mwaka 1931 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kutenga dola 100,000 kila mwaka, ili Maktaba ya Bunge iwapatie vitabu wasioona. Mnamo 1934 vitabu vya santuri vilianza kutolewa, vikitumia santuri zilizozunguka polepole zaidi ili upande mmoja ubebe maneno mengi. Huko Uingereza mtu aliyelisukuma jambo hili alikuwa Kapteni Ian Fraser, aliyepoteza macho vitani Ufaransa mwaka 1916. Yeye na wenzake waliwafikiria askari waliopofuka wakiwa watu wazima, ambao vidole vyao viliona taabu kujifunza nukta nundu. Mwaka 1935 vitabu vyao vya kwanza vilitoka, na miongoni mwake kilikuwamo "The Murder of Roger Ackroyd" cha Agatha Christie na "Typhoon" cha Joseph Conrad. Upande mmoja wa santuri ulichukua dakika 25 hivi, na kitabu kizima kilihitaji santuri kumi au zaidi.

Msomaji atatambua kwamba katika habari hizi zote mtoto hatajwi. Kwa Marekani hilo halikutokea kwa bahati mbaya: sheria ile ya 1931 ilisema waziwazi kuwa vitabu ni vya wasioona walio watu wazima. Mtoto alilazimika kungoja miaka 21. Mwaka 1952 neno hilo la "watu wazima" lilifutwa katika sheria, na mlango wa maktaba ukawa wazi kwa watoto. Neno moja lilikuwa limewafungia watoto wa nchi nzima. Sisi tunaofundisha lugha tuna sababu ya kulikumbuka jambo hilo.

Baadaye vyombo vilipungua ukubwa na bei. Kaseti ndogo ilitokea mwaka 1963, na kitabu kikaweza kutiwa mfukoni. Hata hivyo kaseti ilikuwa na kasoro moja kubwa kwa mwanafunzi: haina kurasa. Anayetaka sura ya saba hana budi kurudisha na kupeleka mbele utepe, akibahatisha. Ili kuondoa taabu hiyo, mwaka 1996 maktaba za wasioona za nchi kadhaa ziliunda muungano uitwao DAISY, ukaweka kanuni za kutengeneza vitabu vya sauti vyenye alama za sura na kurasa.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa cha haki za waandishi na wachapishaji. Katika nchi nyingi haikuruhusiwa kunasa kitabu bila idhini, na hata palipokuwa na ruhusa, kitabu kilichonaswa hakikuweza kuvuka mpaka kwa halali. Tarehe 27 Juni 2013, mjini Marrakesh, mataifa yalikubaliana juu ya mkataba wa kuondoa kikwazo hicho, nao ukaanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2018 na Tanzania 2020. Mkataba unazitaka nchi wanachama ziruhusu taasisi zisizotafuta faida kutengeneza nakala za kusikiliza na kubadilishana nazo kati ya nchi na nchi. Unagusia pia nakala ya matumizi binafsi, ambayo mlezi aweza kumtengenezea asiyeona kutokana na kitabu alichokipata kwa halali. Basi kitabu kilichonaswa Nairobi au Dar es Salaam chaweza kumfikia mtoto wa Kampala, mradi taratibu za sheria za nchi zifuatwe.

Kwa hiyo mlango u wazi, lakini rafu ya Kiswahili karibu ni tupu. Lugha hii ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa katiba tangu 2005. Je, ni rasmi kwa wenye macho peke yao?

Sisi tulianza kwa simu ya mkononi na chumba kilicho mbali na barabara. Kwa ruhusa ya mzazi, tulimsomea mtoto kitabu chake cha hadithi cha darasani. Kazi ya kwanza haikuwa nzuri: tulisoma mbiombio, na jogoo wa jirani akawika katikati ya sura ya pili. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, wenzangu wakiambiwa wafungue ukurasa wa kumi na nne, mimi nitafungua wapi?" Kwa swali hilo alitufundisha yale ambayo maktaba kubwa ziliyatafuta kwa miaka mingi. Tukarudia kazi yote, kila sura katika faili yake, tukitaja kila ukurasa, tukieleza picha na kutamka polepole herufi za majina mageni.

Yafaa ieleweke kwamba kusikiliza hakuchukui nafasi ya nukta nundu. Asiyesoma kwa vidole hataona namna neno linavyoandikwa, na tahajia yake itadhoofika. Viwili hivyo ni kama mikono miwili: mmoja hunawisha mwenziwe.

Wala fasihi ya masikio si jambo la kuazima kwetu. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, aliutunga uweze kughaniwa na kusikilizwa. Tungo kongwe kama huo haufungwi na haki ya mwandishi, nasi twaweza kuanzia hapo. Kila mwalimu akinasa utungo mmoja kwa uangalifu na kuukabidhi kwa maktaba ya wasioona iliyo karibu naye, rafu itaanza kujaa. Mtoto wetu sasa yuko ukurasa wa thelathini na mbili, naye anauliza kitabu kingine kitakuwa tayari lini.