Tayari

Mkazi wa Idsowe, karibu na Garsen, akiambiwa “wali tayari”, hunawa mikono. Akiambiwa “gari tayari limeondoka”, hutafuta jingine. Neno moja, kazi mbili.

Katika kiini cha Linux lina kazi ya tatu. Wito wa select, uliotoka kwanza na mfumo wa 4.2BSD mwaka 1983, huiarifu programu kuwa soketi, yaani ncha ya muunganisho, i tayari kusomwa, yaani kusoma hakutakwama. Hauahidi data: hata muunganisho uliofungwa huhesabiwa kuwa tayari.

Tena Linux huweza kutangaza utayari, kisha ikaitupa pakiti iliyoharibika njiani. Programu ikisoma, huweza kukwama. Hapo mtafuta hitilafu hukagua kama soketi imewekwa katika hali ya kutosubiri; ikiwa hivyo, wito wa kusoma hurudi papo hapo na kosa EAGAIN (“jaribu tena”).